Ule Haukuwa Utani, Mama

Sikonge, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, kwa wote waliokuzunguka hapo unaposoma. Naamini magoti yanakubeba, na dawa ya presha unaimeza kila siku kama ulivyoagizwa, si siku zile tu unazojisikia vibaya. Watoto hawajambo. Kabula amekuwa mrefu kunishinda mabega na anajibu kama wewe. Mimi mzima, na Baba Kabula mzima. Neno hilo mzima nimeliandika kwa kulipima, maana kwa muda mrefu nilikuwa nakutajia kwenye simu na kumbe nilikuwa nasema uongo bila kujua.

Nimeandika barua kwa sababu simu yangu hupokei. Kaka Yona ameniambia jina langu likitokea unaigeuza simu kifudifudi na kuifunika kwa ungo. Sawa. Barua haiiti wala haitetemeki, na nakujua vizuri, huwezi kulala nyumba moja na karatasi iliyoandikwa usijue imesema nini. Wewe unasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua.

Yona amenifikishia maneno yako yote mawili. La kwanza, kwamba siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Baba nije na watoto, lakini Baba Kabula asikanyage. La pili, kwamba nikija nije na sanduku langu, maana hutaniruhusu kurudi Unyamwezini kwa mwanamume aliyekuvunjia heshima kwenye mkeka wa msiba. Nimeyasikia yote na sijayajibu, kwa sababu kwanza nataka nikueleze kilichokuwa kichwani mwa mkweo. Na ninaposema kichwani, Mama, nina maana ya ndani ya fuvu kabisa.

Unamjua alivyokuwa. Jina lake Mihayo, na kwa lugha yao mihayo ni maneno; nadhani wazazi wake walimpa jina hilo kwa kutamani. Miaka kumi na miwili nimeishi na mtu ambaye akitoka porini kwenye mizinga yake ya nyuki baada ya siku nne anasema "Nimerudi," anakula, na kesho yake anasema "Nakwenda." Hata kuja kunichumbia alikuja na mjomba wake wa kuongea. Siku ya harusi kina Yona walipomfungia njia kwa kamba wakamdai hongo, kama Wagogo wa zamani walivyowadai wapagazi wa Kinyamwezi waliopita kwetu na mizigo ya pembe, alitakiwa awarudishie tusi kwa tusi ili watani wafurahi. Yeye akavua saa yake akawapa. Yona anayo mpaka leo, na anaona aibu kuivaa.

Kwako wewe ndiyo usiseme. Mwaka ule tulipokuja mvua ikiwa inanyesha, alisimama nyuma ya zizi hadi nguo zikamganda mwilini, kwa sababu wewe ulikuwa jikoni na njia ya kuingia ndani inapita jikoni. Ulitangaza mtaa mzima kwamba umepata mkwe. Na Baba alimpenda kuliko sisi wote. Walikuwa wakikaa wawili kwenye ukuta wa ghala wakibangua karanga mchana kutwa bila neno, kisha Baba anainuka, anajikung'uta maganda, anasema, "Leo tumeongea sana."

Basi kiangazi cha mwaka jana akaanza kuongea.

Ilianzia kanisani. Unajua ni mzee wa kanisa na zamu yake ikifika husoma matangazo kama mtu anayesoma kipimo cha maji. Jumapili hiyo akasoma kwamba kwaya ya akina mama itakuwa na mazoezi Alhamisi, kisha akainua macho akaongeza, "Wenye sauti za kukwaruza wabaki nyumbani wapike, maana Mungu naye ana masikio." Kanisa zima likaanguka kicheko. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeanza. Mimi nilimtazama mume wangu kama ninayemwona mara ya kwanza.

Wiki ileile mtu akimsalimia njiani, habari za leo, anajibu, "Mzigo mzito, njia ndefu, na Mgogo mbele anadai hongo." Halafu ananinyooshea kidole. Watu wa Sikonge walilipenda hilo jibu, wakawa wanashuka kwenye baiskeli ili tu wamsalimie. Shangazi yake Nyanzala, yule aliyemlea, alinishika mikono yote miwili sokoni akaniuliza, "Ninyi Wagogo mna dawa gani? Umemfungua kinywa mtoto wetu." Nami, Mama, nisikufiche, nilizipokea sifa. Nilijibu kwamba ni subira.

Na nilikuwa na furaha. Hilo lazima nilikiri kwako kabla ya yote. Alikuwa anakaa jikoni kwenye gunia la mkaa ananisimulia vituko, nacheka hadi ugali unashika chini. Nilijiambia, kumbe ndani ya yule bubu kulikuwa na mtu, na mtu mwenyewe anachekesha. Nani angempeleka hospitali mume aliyeanza kuongea na mkewe?

Ningekuwa nimeolewa kwingine labda wangeshtuka mapema. Lakini huku, mtu akikutukana kwa kucheka, unauliza kwanza ni mtani wa nani. Wanyamwezi wana watani kila kituo kutoka hapa hadi pwani. Mgogo akifa Tabora mjini, Mnyamwezi anaitwa azuie jeneza. Mihayo akaanza kuitwa. Walimtumia nauli aende hadi Mtendeni kwenye msiba wa mzee mmoja wa kwetu aliyestaafu reli, akajilaza njiani kuelekea kaburini, akagoma kuamka mpaka apewe soda, tena baridi. Wafiwa walimsifu. Akawa na jina. Kila jambo la ajabu alilofanya tulikuwa na pa kuliweka.

Ndivyo tulivyokuja kwenye msiba wa Baba.

Ulikuwepo, lakini niache nikusimulie nilivyoona mimi. Pale langoni alianguka mbele ya jeneza akasema, "Mzee huyu hapiti. Babu zake walinidai hongo kupita Ugogo, leo na yeye alipe kupita kwenda mbinguni." Wazee wawili watatu walinung'unika kwamba mkwe hafanyi hivyo, awaachie Wanyamwezi wengine, lakini wengine walishaanza kucheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Alivaa koti la Baba. Alikohoa kile kikohozi cha Baba cha kabla ya sala, vile viwili vifupi na kimoja kirefu. Nawe ulicheka, Mama. Ulijifunika uso kwa kanga lakini mabega yalikusaliti, nilikuwa nimekaa nyuma yako.

Halafu ikaja siku ya tatu. Akaingia chumba cha wanawake, chumba ambacho mkwe mwanamume hata mlango wake hautazami. Akakaa kwenye mkeka wako. Akachukua karanga kwenye sahani yako. Akasema, na sauti yake naisikia hadi leo, "Mama Yona, mzee ameondoka. Usihangaike, mimi nakurithi. Damari bintiyo atakuwa mke mdogo, atateka maji."

Hayo ni maneno ya mjukuu kwa bibi yake. Mjukuu akiyasema anaongezewa karanga. Mkwe akiyasema anarushiwa kigoda, na ulikirusha vizuri, kilimpata begani. Yeye akacheka. Akatoka nje anacheka, akamwambia Yona kwamba wewe una mkono wa kupiga ndege. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nilishikwa na aibu, nikawa natafuta pa kuficha uso badala ya kutafuta kilichompata mume wangu. Kwenye basi, tumeshaipita Manyoni, akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mama yako alifurahi?"

Tuliporudi huku mambo yaliharibika haraka. Utani ulikuwa uleule, ila sasa ulikuwa hauchagui mtu wala mahali. Alimwuliza mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano kama tumbo lile ni lake au amewekewa na kijiji. Aliacha kuoga hadi nimwamuru. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana amesahau kwamba kiliuma. Na siku moja, saa nne mchana, wageni wa jimbo wamekaa barazani kwa Mchungaji, alisimama katikati ya bustani akayakojolea maua ya mke wa Mchungaji, kwa utaratibu, mstari mmoja baada ya mwingine, huku akiwaeleza wageni kwamba ni kiangazi na mtu asaidie anavyoweza.

Hapo kila mtu akawa na maelezo yake. Wengine walisema ni pombe, na hajawahi kuionja. Wengine walisema ana mwanamke Tabora mjini. Shangazi Nyanzala alisema amerogwa na mrina asali mwenzake anayemwonea wivu wa mizinga, akatupeleka kwa mganga mmoja upande wa Ziba, safari ya kutwa nzima. Mganga akatikisa kibuyu akaliuliza jini jina lake. Mihayo akajibu, "Mzigo mzito, njia ndefu, na Mgogo mbele anadai hongo." Mganga akajikaza, akauliza tena, akajibiwa vilevile, akaanza kucheka hadi kibuyu kikamtoka mkononi. Akatuambia kwamba jini hili ni la Kizaramo, lina utani, na yeye hana mamlaka nalo, tulipeleke kwao pwani.

Zahanati moja walisema ni ugonjwa wa akili, wakampa vidonge. Vilimfanya alale na kudondokwa mate, na akiamka anaanzia kwenye neno alilokuwa ameliacha. Siwalaumu. Nami nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mume wangu amekuwa kichaa, na kwa mara ya kwanza nililitoa sanduku langu chini ya kitanda. Hilo ulikuwa hulijui. Kabla wewe hujaniambia nije nalo, nilikuwa nimeshalipangusa vumbi.

Kuna jambo jingine nililiona na sikulielewa. Mrina huyu alikuwa na pua ya ajabu. Ukimpa kipande cha sega anakinusa tu anakuambia nyuki hawa wamekula maua ya mtundu au ya muyombo, na hakosei; wanunuzi walikuwa wakimjaribu kwa kuwekeana dau. Lakini nilimkuta siku moja amekaa kando ya chungu cha maharage kinaungua, moshi umejaa jikoni, anatabasamu. Nilimgombeza kwa uvivu. Sikujua kwamba hasikii harufu.

Walioniokoa ni nyuki. Alikwenda kwenye mzinga saa sita ya jua kali, mwenge umeshamzimikia na pua haikumwambia kwamba hakuna moshi, akafunua, akaanza kuwatania. Mama, nyuki ndio watani pekee waliomjibu. Warina wenzake waliporudi naye alikuwa amevimba uso mzima, macho yamefungika, na bado anawaambia waliombeba kwamba leo mpagazi amebebwa. Tukamkimbiza hospitali mjini Tabora, mimi na Shangazi.

Muuguzi aliyetupokea alinisikia nikisema maneno mawili tu akageuka. Akaniuliza, "Dada, wewe wa kwetu?" Nikamwambia wa kwetu kabisa. Anaitwa Foibe, wa Mpwapwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Na huyu aliyeumuka?"

"Mume wangu. Mnyamwezi wa Sikonge."

"Afadhali," akasema, akavaa glavu. "Wewe mpagazi, nyuki wamekukuta umebeba mzigo wa nani?"

Mihayo akajibu, "Mzigo mzito, njia ndefu, na Mgogo mbele anadai hongo."

Foibe alicheka sana. "Hongo yangu leo ni sindano. Geuka."

"Mzigo mzito, njia ndefu, na Mgogo mbele anadai hongo."

"Babu yako alitoroka Ugogo na maji yetu hajalipa, leo umejileta mwenyewe."

"Mzigo mzito, njia ndefu," akaanza tena, anacheka peke yake, uso umevimba, machozi yanamtoka.

Foibe hakucheka tena. Aliweka sindano kwenye sinia akamtazama. Kisha akanivuta pembeni akaniambia maneno ambayo sitayasahau. "Dada, huyu hataniani. Mtani ukimrushia anadaka, anarudisha. Huyu anarusha tu. Awepo Mgogo, uwepo ukuta, kwake ni mamoja. Hivi ameanza lini?"

Mwaka mzima, Mama. Wilaya nzima ilicheka naye, kanisa, soko, misiba mitatu, na mimi kitandani mwake, na hakuna aliyeona kwamba hajawahi kumjibu mtu hata mara moja. Aliona mwanamke aliyekuwa akimtania kwa dakika tano.

Alichukua pamba yenye spiriti akamziba macho kwa kiganja, akamsogezea puani. "Hii nini?" Akasema maji. Akaleta kitunguu cha chakula chake cha mchana, amekikata palepale. Mihayo akasema maji ya moto. Foibe akatoka bila kuaga akarudi na daktari.

Yaliyofuata yalikuwa ya mashine na mafaili, sitakuchosha. Walimpiga picha ya kichwa, wakaniita nikae. Daktari alinionyesha kwenye kioo, kitu cheupe cha mviringo nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya pua, ukubwa wa ndimu. Uvimbe. Si ule wa saratani, akasema, ni wa kukua polepole, na umekaa hapo miaka mingi ukisukuma ubongo kidogo kidogo. Umeua mishipa ya harufu. Na umeikandamiza sehemu ile inayomwambia mtu sasa nyamaza, sasa hapa si mahali pake, sasa huyu ni mama mkwe wako. Mtu anaonekana amebadilika tabia, au amepata kichaa, kumbe kuna kitu kimemkalia.

Nikamwuliza, "Na ile miaka kumi na mmoja aliyokuwa hasemi kitu, nayo ni uvimbe?"

Daktari akasema, "Hapana mama, hiyo ni yake mwenyewe."

Shangazi Nyanzala akasema, "Kwa hiyo siku zote tulikuwa tunauchekea uvimbe." Akavua kilemba akalia.

Ilibidi apasuliwe Dar es Salaam. Tulipanda treni, na ilipita hapo kwenu asubuhi, ikasimama. Sikukuambia. Simu ulikuwa umeshaanza kuifunika ungo, na mimi nilikuwa na mtu dirishani anayewaambia wauza karanga kwamba amekuja kuirudisha hongo ya babu yake lakini ameisahau. Nilimwona mwanamke mwenye kanga kama yako nikampungia mkono kwa nguvu. Hakuwa wewe. Alinipungia pia, akafikiri nataka karanga. Nikanunua nikazila huku nalia, na nilitamani sana ungekuwa pale.

Siku ya upasuaji walimnyoa, wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, na akamwambia daktari mpasuaji, "Ukikuta asali humo, masega mawili ni yangu." Daktari akaahidi. Hilo lilikuwa neno la mwisho la yule mtu, Mama. Nilikaa kwenye benchi saa nyingi mno, nikiomba wamtoe hai, kisha nikiomba arudi yule wa zamani, kisha, Mungu anisamehe, nikiomba wamwachie utani kidogo.

Siku ya tatu akafungua macho. Kichwa kimefungwa bandeji. Alinitazama, akasema, "Mama Kabula."

"Abee."

"Umekula?"

Nikaangua kilio hadi muuguzi akaja mbio. Mwaka mzima alikuwa akinisemesha kutwa, na ndipo nilipogundua kwamba katika maneno yote yale hakuwahi kuniuliza jambo lolote.

Sasa, ulidhani amesahau aliyoyafanya? Nami nilidhani hivyo, na nilishukuru. Hakusahau. Yanamrudia moja moja, wakati wowote. Anakula, mkono unasimama njiani na tonge. "Nilimwambia mwenyekiti vile?" Ulimwambia. Analirudisha tonge. Siku nyingine anatoka chooni ameshika ukuta. "Yale maua ya Mchungaji." Ndiyo, nikamwambia. "Yote?" Nikamwambia mistari miwili.

Alipopata nguvu ya kupanda baiskeli akaanza kuzunguka kuomba radhi. Mtu mmoja mmoja, na chupa ya asali, na shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Tatizo ni kwamba hawamwachi amalize. Alisimama mbele ya Mchungaji kama askari, akasema, "Mchungaji, nimekuja kuhusu maua." Mchungaji alishika fremu ya mlango, akacheka hadi akachuchumaa, akamwambia, "Mihayo, yamestawi." Mwenyekiti alifikiri kuomba radhi ndiyo utani wenyewe, akawaita watu waje wasikilize. Mume wangu anarudi nyumbani amechoka ananiambia, "Hawataki." Wanamtaka yule mwingine. Wapo wanaomwuliza kwa nini siku hizi amepooza. Anawaambia amepona, wanasikitika.

Na mimi je? Nimeshaanza kukuambia ukweli, nimalize. Zipo jioni namkumbuka yule wa kwenye gunia la mkaa. Huyu wa sasa anaingia, anasema "Nimerudi," anakula. Harufu haijarudi na wamesema huenda isirudi. Kabula ndiye anayemnusia masega, na mtoto ana pua ya baba yake. Itabidi tuende kupigwa picha nyingine, na nyingine, kuhakikisha uvimbe haujaota tena. Mwezi uliopita alimwambia Shangazi kwamba chai yake inaonyesha majani yamemaliza kazi na kustaafu. Nilimwekea kitunguu puani, halafu nikakumbuka kwamba hilo halisaidii tena. Akaniambia taratibu, "Ni mzaha tu. Mmoja." Nikacheka, lakini kitunguu sikukiweka chini.

Basi sasa nayajibu maneno yako mawili. Yule aliyekaa kwenye mkeka wako alikuwa uvimbe, na yule aliyekuchekesha langoni kwa kikohozi cha Baba alikuwa uvimbe uleule, kwa hiyo usimchukie mmoja ukamtunza mwingine. Wote wawili wameachwa kwenye ndoo ya hospitali Dar es Salaam. Aliyebaki ni yule aliyesimama nyuma ya zizi kwenye mvua. Huyo ndiye niliyeolewa naye, na sanduku langu nimelirudisha chini ya kitanda. Nitakuja kwenye msalaba wa Baba, na ninaomba nije naye. Faini yoyote watakayoitaja wazee kwa ajili ya mkeka ule, ataitoa bila neno, na ukisikia bila neno ujue ni yeye kweli.

Nisalimie kaka yangu Yona, na mkewe aliyejifungua. Mwambie jina la mtoto wasilitoe mpaka nifike. Nisalimie mama mdogo Eda wa kule bondeni, na mjomba Lazaro mwenye mashine ya kusaga, na bibi, mama yake Baba, umsemee karibu na sikio la kulia. Shangazi Nyanzala anakusalimu sana na anasema anakuogopa.

Mama, nilitaka kuishia hapo kwenye salamu, lakini juzi limetokea jambo. Nilimpelekea uji kwenye mizinga ya karibu nikamkuta amekaa chini, amevua kofia. Nikaogopa, nikadhani kichwa. Akaniuliza, "Siku ya Baba, nililia?"

Nikamwambia hukulia.

"Hata kidogo?"

Nikamwambia, "Hukulia, Baba Kabula. Ulituchekesha."

Akasema, "Nilijua amekufa. Nilikuwa najua. Lakini halikunifikia." Halafu likamfikia, palepale, miezi mitano baada ya mazishi. Sijawahi kumwona akilia. Alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni, kwa sauti, na mimi nimeshika uji.

Anachokuomba si msamaha. Anasema msamaha huo hana mdomo wa kukuomba wewe, na tangu lini mkwe akamsemesha mama mkwe mambo kama yale. Anaomba ruhusa ya kuja kulia. Anataka aingie kama anavyoingia mtu aliyechelewa msiba, aanzie kilio barabarani, apite langoni pale alipoanguka, afike kaburini.

Kwa hiyo siku hiyo utamsikia kabla hujamwona. Usitoke, ukae hukohuko ndani ili asikutane na uso wako. Ila ukisikia amefika kwa Baba, usimtume mtu akamnyamazishe.

Mwanao,
Damari